Koo na Msondo

Ngozi ya ngoma ikiwa baridi haisemi. Bibi aliyenipokea uani kwake, Ng'ambo, mjini Unguja, aliyasema maneno hayo mara mbili huku akisogeza makuti makavu kwa mguu. Kisha akayawasha na kuulaza msondo ubavu, mdomo wake ukitazamana na moto. Moshi ulitutoa machozi. Kila baada ya muda aliinama, akaigonga ngozi kwa kidole cha kati na kutega sikio, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Mlio wa kwanza ulikuwa mzito, umelala. Wa pili ukainuka kidogo. Alipogonga mara ya tatu, paka aliyekuwa ukutani aliruka akaangukia kwa jirani.

"Sasa imeamka," akasema. "Hebu nipe kanga hiyo, mwanangu."

Nilikuwa nimevuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, Februari 2019, kaskazi imetulia kiasi cha watoto kulala mapajani mwa mama zao. Katika begi nilikuwa na nguo za siku tano, daftari, na jambo moja lililonikaa tangu usichana. Miaka mingi nyuma, katika darasa moja la muziki, mwalimu wetu alitufundisha habari za Fatuma binti Baraka, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bi Kidude. Alituwekea nyimbo zake za taarab, akazisifu kwa haki. Nilipoinua mkono nikauliza kuhusu ngoma za unyago alizokuwa akizipiga, alijibu kwamba hayo tuyaache, ni mambo ya mila, sisi hapa tunasoma muziki. Niliyaandika maneno yake daftarini kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mtiifu, lakini yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mimi ni mtoto wa Temeke, na bibi yangu mzaa mama alitoka Lindi. Nilichezwa unyago nikiwa na miaka 13. Ngoma zilizonitoa ndani ndizo muziki wa kwanza nilioujua kwa mwili mzima, kabla sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa nota. Sikuweza kukubali kwamba mwanamke mmoja awe na muziki kooni, halafu mikononi awe na kitu kingine kisicho na jina. Ndiyo maana nilikwenda Unguja: kusikiliza kwa karibu namna vitu viwili hivyo vinavyokaa pamoja.

Ukishuka bandarini na kufuata barabara ya Mizingani, bahari inakaa mkono wako wa kulia na historia ya taarab inakaa wa kushoto. Nilipita mbele ya Beit el-Ajaib, siku hizo ikiwa imefungwa na kuzungushiwa uzio. Mwezi Desemba mwaka uliofuata sehemu yake kubwa ilianguka, na kila nikikumbuka naona nilivyopita haraka bila kusimama, na moyo unaniuma. Nyumba hiyo ilijengwa na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ndiye anayetajwa kila taarab ya Zanzibar inaposimuliwa. Aliupenda muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Muziki huo ulikuwa wa kasri, ukiimbwa kwa Kiarabu, mbele ya watu waliokaa kitako na kutulia. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha klabu yao, Ikhwani Safaa, ambayo hadi leo inapiga. Mwaka huo huo treni ilianza kukimbia kutoka mjini hadi Bububu, maili 7 za reli, na wapo wanaosema jina la Bububu limetokana na mlio wake. Treni ilikufa zamani. Klabu imebaki.

Taarab asilia ndiyo muziki wetu wa kusomewa: una maqamu zake, una bashraf ya kufungulia, una adabu ya kuusikiliza. Mwimbaji hatoki jasho. Anasimama wima, mikono imetulia, na msikilizaji aliyeguswa anainuka taratibu, anakwenda kumtunza, anarudi kwenye kiti chake. Na katika vikundi vya zamani mwanamke alikuwa sauti. Fidla, udi, kanuni, nai na dumbaki vilishikwa na wanaume. Nililijua jambo hilo kabla ya safari, lakini nililielewa nilipokaa uani kwa yule bibi na kuona mikono yake. Ikiwa Bi Kidude alitaka kushika ala na kuimba kwa wakati mmoja, asingekwenda kwenye jukwaa la taarab kuitafuta. Ilikuwa inamngoja uani, kwa wanawake.

Lakini nimetangulia. Lazima nimtaje Siti kwanza, maana bila Siti binti Saad hakuna Bi Kidude. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililosema hali ya wazazi wake bila kuficha. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wafungue madirisha. Mjini akafunzwa udi na uimbaji, akaanza kuimba kwa Kiswahili yale yaliyokuwa yakiimbwa kwa Kiarabu, na mwaka 1928 akavuka hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Mwanamke aliyekuwa akibeba vyungu kichwani akasikika kwenye magramafoni ya pwani nzima. Aliimba mapenzi, akaimba pia mahakama: wimbo wa Kijiti ni kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa na mwuaji akakimbilia bara, huku wengine wakiadhibiwa badala yake. Shaaban Robert akamwandikia kitabu kizima, na sioni mwimbaji mwingine wa Kiswahili aliyepata heshima kama hiyo kutoka kwa mwandishi wa kimo kile.

Fatuma binti Baraka alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, baba yake akiuza nazi. Alizaliwa mdogo mno, akaitwa kidude, na jina likamshika mpaka kaburini. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeuandika. Mwenyewe alihesabu umri wake kwa enzi za rupia, na kwa kuwa rupia ilidumu Zanzibar hadi 1936, hesabu hiyo inaacha mlango wazi. Wengi wanaamini alivuka miaka 100. Alichota nyimbo kwa Siti kwa njia ya sikio, pamoja na maneno ya Kiarabu ambayo hakuyasoma popote. Husimuliwa kwamba aliozwa akiwa msichana bila ridhaa yake, akakimbilia bara, akazunguka miji ya pwani na ya ndani hadi kwenye maziwa, na kwamba aliwahi kuimba Dar es Salaam na kundi la taarab lililoongozwa na Wamisri. Miaka ya 1940 akarudi Unguja, akakaa kwenye nyumba ya udongo Ng'ambo. Akawa mganga wa mitishamba, mtengenezaji wa wanja na hina, na kungwi. Siti aliimba akiwa amejifunika uso. Kidude aliuacha uso wazi.

Haya yote unaweza kuyasoma ukiwa nyumbani. Nilichokifuata mimi kiko kwenye pumzi, na pumzi haisomeki.

Jioni ya kwanza nilikwenda Vuga, kwenye ukumbi wa Culture Musical Club, kundi lililoundwa 1958. Mazoezi yao yana mlango wazi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa, feni ikilia juu ya kichwa changu. Wazee wawili wa fidla walikuwa wakibishana kwa upole juu ya mahali pa kuinua upinde, na mpiga kanuni, kijana, alikuwa akikaza nyuzi kwa kijifunguo chake kidogo, uzi mmoja mmoja, wala hakuwatazama. Walipoanza, bashraf ilijaa ukumbi, kisha dada mmoja akasimama na kuimba beti za mishororo mitatu, mizani minane kwa minane. Aliimba vizuri sana. Alivuta pumzi palepale mizani minane ya kwanza inapokatika, kama ushairi unavyotaka, na kila kipande kilitua juu ya dumbaki bila kukosea hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia Bi Kidude alifanya nini. Msikilize katika Muhogo wa Jang'ombe, wimbo ambao umekuwa kama jina lake la pili. Dumbaki inagonga, nawe unalingoja neno, nalo halitoki. Linakuja nyuma kidogo, limechelewa kama mgeni anayejua kwamba chakula hakitaliwa bila yeye, halafu linakimbia na kufika mwisho wa mshororo kabla ya fidla. Pumzi anaivuta mahali ambapo ushairi hauruhusu, katikati ya neno wakati mwingine, na bado vina vinakaa sawa. Nilidhani kwa miaka mingi kwamba ni uzee. Watu wengi walioandika juu yake wamesema hivyo hivyo: sauti ya mkwaruzo, sigara, miaka. Lakini rekodi zinaonyesha mpango. Anachelewa mahali pale pale kila akirudi kwenye ubeti. Uzee haukumbuki mahali pake namna hiyo.

Siku ya pili asubuhi nilikwenda Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, siku hizo kikiwa katika jengo la forodha ya zamani, juu, madirisha yakitazama majahazi. Humo nilimkuta msichana wa miaka kama 16, mtandio wake wa buluu umefungwa nyuma ya shingo, amekaa na vidumbaki viwili vya udongo mapajani. Kidumbaki ni ndugu maskini wa taarab: ngoma mbili ndogo, fidla, sanduku la kamba moja badala ya besi, cherewa na mkwasa, na nyimbo za taarab zinapigwa haraka watu wacheze harusini. Bi Kidude aliimba huko pia. Nilimwomba msichana aimbe huku akipiga. Akacheka, akajaribu, mikono ikasimama. Akajaribu tena, safari hii koo ndilo lililosimama.

"Moja linamla mwenzake," akaniambia.

Nilimwuliza mwalimu wake anamfundisha vipi kuvuka hapo. Akasema humwambia aimbe kimoyomoyo kwanza, mikono iende yenyewe mpaka asahau kwamba ana mikono. Lilikuwa jibu la mwalimu mzuri, na nilimwacha yule msichana akiwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza bila sauti, vidole vinagonga udongo. Nilipokuwa nikishuka ngazi nilifikiri juu ya Siti na vyungu vyake, na juu ya ngoma hizi za udongo, na nikaona kwamba muziki wetu umekuwa karibu na mfinyanzi kuliko tunavyokubali.

Mchana ule Darajani nilipata kero iliyonifaa. Nilikuwa nakula urojo kwenye benchi, nikizungumza na mama muuza viungo wa makamo, na nilipotaja nilichokifuata uso wake ukafunga. Alisema Bi Kidude alikuwa mwimbaji mkubwa, Mungu amrehemu, lakini kosa lake ni kuutoa msondo nje. Unyago ni wa ndani. Wanaume hawaoni, wasiochezwa hawaoni, na yeye aliupiga mbele ya wageni na kamera. "Alituanika," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyekuta nguo yake ya ndani kwenye kamba ya barabarani.

Sikumjibu haraka, kwa sababu nami niliapa siku ile nilipotolewa, na yaliyosemwa siku hiyo siyaandiki hapa wala popote. Namwelewa. Nyimbo za unyago ni mafunzo: mwili wako, hedhi yako, ndoa yako, heshima ya wakwe, namna ya kukaa na mume na namna ya kumkatalia. Zilivuka kuja kisiwani pamoja na watu wa bara, wengi wao wakiletwa kwa minyororo kutoka pande za Nyasa, na kwa wanawake hao wimbo ulikuwa kitu pekee ambacho bwana hakuweza kukihesabu kuwa mali yake. Kitu kilichotunzwa kwa bei hiyo hakitolewi nje ovyo. Lakini kuna hatari nyingine ambayo mama wa viungo hakuitaja. Kisichoonekana kabisa, mwalimu wa muziki husema hakipo. Bi Kidude alipotoka na msondo jukwaani, alimjibu mwalimu wangu miaka mingi kabla sijaketi darasani kwake. Kwangu mimi mafunzo hasa yako ndani, katika yale wanayoambiwa wari mlango ukiwa umefungwa. Mdundo ni wa mpigaji, na mpigaji ana haki ya kusikika. Najua wapo makungwi watakaonikatalia, na nikikaa nao nitawasikiliza.

Nilimwona Bi Kidude kwa macho yangu mara moja tu, ndani ya Ngome Kongwe, katika tamasha la Sauti za Busara lililoanza 2004 na ambalo alilipamba mwaka baada ya mwaka. Alikuwa mfupi, amepinda mgongo, ameshikwa mkono kupandishwa jukwaani. Aliimba taarab akiwa amesimama, kipaza sauti kikimtetemeka kidogo mkononi, nasi tulikuwa tunamhurumia bila kujijua. Kisha wakaleta msondo, ngoma ndefu karibu sawa na kimo chake. Aliupanda, ukawa katikati ya miguu, akafungwa nao kiunoni kwa kanga. Na mgongo ukanyooka. Sikusimuliwa, nilikuwepo. Mwanamke aliyeshikwa mkono dakika kumi kabla alikuwa sasa ameshikwa na ngoma, na ngoma ilimweka wima. Akafungua mdomo na sauti ikatoka bila kipaza, ikavuka ukuta wa ngome.

Ndicho nilichotaka bibi wa Ng'ambo anifungulie siku ile ya moto wa makuti. Yeye ni mpigaji wa siku nyingi. Alimwona Bi Kidude akipiga tangu yeye mwenyewe akiwa mwari, na jina lake aliniomba nisilitaje, nami naheshimu.

Alipoichukua kanga aliikunja mara tatu kwa urefu, akaipitisha nyuma ya kiuno na kuifunga mbele ya gogo la msondo, fundo la kusokota, mkia umechomekwa chini. Nilidhani ni ili ngoma isianguke. Akanikatalia. "Weka mkono hapa," akasema, na akaushika mkono wangu akaubandika ubavuni mwake, chini ya mbavu, kwenye kanga. Akapiga. Mkono wa kulia ulishuka katikati ya ngozi, gu, kisha ukingoni mara tatu, kavu, ta ta ta, na wa kushoto ukajibu chini kwa chini. Kila gu iliingia tumboni mwake kupitia gogo na kanga, na misuli chini ya mkono wangu ikaruka nayo. Akaanza kuimba. Na nikasikia kwa kiganja kile ambacho masikio yangu yalikuwa yamekitafuta: pumzi yake haikutoka na gu. Ile gu ilikuwa inasukuma tumbo lake kwa ndani, hewa haina pa kukaa, na kama angeimba hapo sauti ingekatika. Kwa hiyo anangoja. Mkono unafanya duara lake, ukingoni, ukingoni, na tumbo linapolegea ndipo sauti inapoingia, nyuma kidogo ya pigo, imetulia, ina nguvu zote.

"Ukiimba na ngoma, ngoma itakumeza," alisema baadaye akipangusa jasho kwa ncha ya mtandio. "Unaipisha kwanza. Ikishapita, njia yako."

Niliinua mkono wangu ubavuni mwake na ulikuwa unatetemeka. Bi Kidude, mwanamke aliyeupiga msondo tangu ujana wake, usiku kucha, harusi baada ya harusi, mwari baada ya mwari, asingeweza kuimba taarab kwa kutua juu ya dumbaki. Mwili wake ulishajua kupisha. Alipelekwa mbele ya fidla na kanuni, akavaa gauni zuri, mikono imetulia kama adabu inavyotaka, na kiunoni, mahali pasipo na kanga, msondo ulikuwa bado unapiga.

Siku ya nne nilizunguka kwenye nyayo zake. Nilipita Raha Leo, mtaa aliokaa, nikaona nyumba za chini na akina mama wanachambua mchele vibarazani. Nilipanda daladala ya 502 hadi Bububu, alikofia tarehe 17 Aprili 2013, na hakuna cha kusimulia zaidi ya barabara, minazi na watoto wanarudi chuoni na misahafu vifuani. Kesho yake alizikwa Kitumba, na mwendesha pikipiki aliyenipeleka huko alizima injini mbali kidogo, bila kuombwa, akavua kofia. Nilisoma Fatiha. Upepo ulikuwa kwenye migomba. Mwanamke aliyezunguka Ulaya, Uarabuni na Japani, aliyepewa tuzo ya WOMEX kule Newcastle mwaka 2005, sauti yake ikachezwa kwenye redio ambazo yeye hakuwahi kuzisikia, amerudi kwenye udongo wa shamba. Nilifikiri kwamba umaarufu ulimjia akiwa tayari bibi, miaka ya 1980 na kuendelea, alipoanza kusafiri na kundi la Twinkling Stars. Sisi wenyewe tulimwacha apige nusu karne tukimwita kungwi, mpaka wageni walipomwita msanii ndipo nasi tukamwita hivyo. Nasema hilo kwa uchungu, na nimo katika hilo sisi.

Kuna mambo yanayonipa nguvu. Tangu 2009 lipo kundi la Tausi, alilolianzisha Mariam Hamdani, ambamo wanawake ndio wenye fidla, udi na ngoma. Na yule msichana wa mtandio wa buluu nilimkuta tena jioni, Forodhani, amekaa ukingoni mwa ukuta wa bahari na rafiki zake wanakula muhogo wa kuchoma. Alinipungia. Nikamweleza nilichofundishwa juu ya tumbo na kupisha. Aliweka muhogo chini, akafuta vidole, akagonga paja lake kwa mikono miwili na kuimba kwa sauti ndogo ubeti mmoja, akichelewa. Alikosea mara mbili. Ya tatu hakukosea, na rafiki zake wakaacha kutafuna.

Asubuhi ya mwisho nilirudi Ng'ambo kuaga. Nilimkuta bibi amekaa mkekani na msondo hauna uso: usiku uliopita ngozi ilipasuka kwenye ngoma ya wari watatu huko Jang'ombe, saa tisa za usiku, wakamalizia kwa ngoma nyingine ndogo mbili na bati. Ngozi mpya ya mbuzi ilikuwa imelowekwa kwenye beseni. Alinipa kazi ya kuishika. Niliivuta kwa vidole kumi kuzunguka mdomo wa gogo, maji yananitiririkia hadi viwikoni, yeye akipigilia vijiti vya kuwambia kwa jiwe, kimoja huku, cha pili upande wa pili, ili isivutwe upande mmoja. Ilinuka vibaya na ilikuwa nzuri. Alipomaliza niliinua mkono kuigonga, akaudaka hewani.

"Hapana, mwanangu. Mbichi hii. Siku tatu kivulini, ndipo ione moto."

Boti yangu ilikuwa ya saa sita na nusu. Nilibusu mkono wake, akaniombea dua, akanipa kifungu cha karafuu nimpelekee mama.

Siku ya nne baada ya hapo nilikuwa jikoni Temeke nakuna nazi, simu ikaita. Namba ya Unguja. Nilipokea nikasema shikamoo, hakuna aliyejibu. Nikasikia makuti yakiungua, halafu gu moja nzito, na ta ta ta kavu ukingoni. Nilisimama na mbuzi ya kukunia bado iko chini yangu, mkono wangu ukaenda wenyewe ubavuni, chini ya mbavu. Gu ya pili ikapita. Ya tatu. Niliipisha na ya nne, na ndipo sauti ya bibi ilipoingia.